Gunia Mbele ya Mzani

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha nilikuwa nafagia kinu cha kuchambulia pamba Bunda, na siwezi kusema nilikuwa macho sawasawa. Nyuzi zilielea hewani kutwa nzima, zikatua kwenye kope, kwenye chai, kwenye mawazo. Hata ngurumo ya mashine ilinibembeleza. Katika ukungu ule mweupe nilimwona Clementi, mchumba wangu, amesimama kwenye mzani, nikasahau ufagio.

Kampuni ya kinu ndiyo iliyomlipia chuo kikuu. Kila likizo ndefu alirudi kujifunza kazi: kupokea pamba ya wakulima, kuipapasa, kutamka daraja. Nzuri ni safi. Chafu au iliyonyeshewa ni fifi. Likizo ile ilikuwa ya mwisho, na meneja, Bwana Abdulkadiri wa Musoma mjini, ndiye angesema kama kampuni imlipie mwaka uliobaki au imwache.

Basi siku moja mama yangu akashuka kwenye lori la ushirika na magunia yake kutoka Butiama. Clementi alipoona kilemba chake tu, aliruka ukuta, akazama kwenye rundo la pamba hadi utosini. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ukimkodolea macho mama wa mchumba wako umemvunjia heshima, na uchumba unaweza kufia hapo hapo. Wapakuaji walicheka hadi wakakaa chini. Mama akapandisha magunia yake akarudi nayo.

Meneja hakucheka. "Tunakusomesha uje kukimbia wakulima? Ukikimbia tena, chuo basi."

Nilimfuata ofisini nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Binti, mila zenu naziheshimu. Lakini mzani hauna mkwe."

Nikaenda nyumbani kumsihi mama amtume mtu mwingine. Thubutu! "Pamba nalimaga mwenyewe, nauzaga mwenyewe," akasema. "Yeye ndo ajue pa kuweka macho yake."

Nilirudi Bunda nikilia njia nzima. Nilikuwa na hasira nao wote watatu, na Clementi kupita wote, kwa sababu alipendeza hata akiwa na pamba puani.

Mama alipokuja tena, mguu mmoja wa Clementi ulikuwa umeshaelekea ukutani. Sijui akili niliitoa wapi. Nilivuta gunia tupu, nikalipasua, nikalitundika kwenye kamba mbele ya mzani.

"Simama hapo, mwoga wangu," nikamwambia.

Akasimama. Mikono yake ikapita chini ya gunia.

Nyuzi zilishuka polepole. Mikono ile ilizama katika pamba ya mama, ikachota, ikavuta nyuzi, ikachota tena kutoka chini kabisa. Mungu anisamehe, niliomba kimoyomoyo aseme uongo.

"Fifi," Clementi akasema. "Ya juu safi. Ya chini imenyeshewa."

Mila ilimkataza mama kusema na mkwe moja kwa moja. Aliugeukia mzani. "We mzani, mwambie mwenye mikono hiyo, mvua niliijua. Nilidhani ataogopa kuisema." Akajifunga kanga vizuri. "Mwambie akamalize shule haraka. Mtoto wangu si jiwe la kukaa tu likisubiri."

Bwana Abdulkadiri, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akarudi ofisini. Kesho yake alimtuma fundi kutundika gunia jipya, zito, lenye pindo. Likizo ilipoisha, Clementi alirudi Dar es Salaam kwa nauli ya kampuni.

Tulioana. Alifanya kazi kwenye kinu kile kile, na kila msimu mama alileta pamba yake nyuma ya gunia, akagombana na mzani. Sura ya mkwewe hakuijua kamwe. Mikono aliijua.

Alipougua mara ya mwisho, Clementi alikwenda Butiama. Alisimama nje ya chumba, akajifuta uso, akapitisha mikono chini ya pazia. Mama aliishika. Aliipapasa taratibu, kidole kwa kidole, hadi kwenye viganja.

"Imenyeshewa," akasema.

Hakuiachia.

"Lakini safi."