Neno Nililolikalia

Godoro lilikwama mlangoni. Tulikuwa wanaume wanne, kila mmoja na pembe yake, na juu yake amelala mke wa Fundi Bomba, mwepesi kiasi kwamba uzito wote tulioubeba ulikuwa wa godoro lenyewe. Fundi alitembea kando akimshika miguu, ingawa haikuwa lazima.

"Liinamisheni kidogo," alisema jirani aliyekuwa nyuma yangu.

"Mkiniinamisha nitamwagika," mama akajibu, nasi tukacheka kwa sababu yeye mwenyewe alitaka tucheke.

Tukarudi hatua mbili, tukajaribu tena, tukapita. Sebuleni akaomba tusimame. Hakusema kwa nini. Tulisimama, yeye akizungusha macho taratibu, dirisha, kabati, dirisha la pili, mpaka akaridhika. "Haya, twendeni," akasema. "Wenye haraka wasije wakatukuta."

Wenye haraka hao hawakuwapo. Niliwabuni mimi, kwa mdomo wangu huu, siku nane kabla ya hapo.

Wakati huo nilikuwa na miaka sita katika udalali wa nyumba. Aliyenifundisha kazi, mzee mmoja mwenye maneno mengi kuliko nyumba alizouza, alikuwa na kanuni moja aliyoishikilia kama dini: muuzaji na mnunuzi wasikutane mpaka siku ya kutia sahihi. Wakikutana mapema watapatana wenyewe, na wewe utabaki unahesabu magari barabarani. Basi nikawa mjumbe. Kwa muuzaji nilisema mnunuzi ameipenda nyumba lakini ana nyingine anazotazama; kwa mnunuzi nilisema muuzaji ni mgumu lakini nitamlainisha. Mjumbe hauawi, nilizoea kujitapa, na kweli hakuna aliyeniua, ndiyo maana nikazidi kunogewa. Huku naongeza chumvi, kule napunguza pilipili, na mwisho wa siku kila upande ulikuwa unazungumza na mtu asiyekuwapo.

Fundi Bomba alikuwa amestaafu ufundi wa mabomba. Yeye na mkewe walipoamua kuuza walikuwa wazima wote wawili. Walitaka kuhamia karibu na binti yao wa pekee. Mkewe akaugua nyumba ikiwa tayari iko sokoni. Wa kwanza kuja kuitazama alikuwa mwenye duka la vipuri. Akapenda sebule, akapenda jiko, akafungua chumba cha nyuma na kumkuta mama kitandani, ndoo pembeni. Alisema pole, akatoka, na tangu siku hiyo simu yake ikawa haipatikani. Wa pili alinieleza wazi kwamba mkewe hataweza kulala katika chumba alichougulia mtu.

Nikatumia akili, au nilichodhani ni akili. Kila Alhamisi mgonjwa alipelekwa kliniki, basi Alhamisi ikawa siku yangu. Fundi aliniachia ufunguo. Niliwahi mapema, nikafungua madirisha, nikaficha dawa kabatini, nikatandika shuka safi. Mteja ukimwingiza kwenye chumba chenye hewa nzuri, haulizi ya jana ilikuwaje.

Alhamisi moja nikamleta mkunga. Alikuwa mama wa makamo, ametoka zamu moja kwa moja na viatu vyake vya mpira. Mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini. Yule mama hakutazama rangi ya kuta. Alifungua kila bomba akasikiliza maji, akapanda juu ya kiti kukagua dari. Kwenye chumba cha nyuma alisimama katikati, akavuta pumzi puani.

"Humu kuna mtu anaumwa."

"Mama mwenye nyumba ana mafua kidogo," nikasema.

Akanitazama, nadhani, kama anavyomtazama mwanamke anayeapa kwamba uchungu haujaanza. "Mpe pole. Mwambie mkunga anamsalimu."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia.

Mkataba wa kwanza ukasainiwa, Fundi asubuhi, mkunga alasiri, kwenye meza ileile ya mwanasheria, nami nikajiona hodari. Nyumba ingekabidhiwa tupu mwanzoni mwa mwezi, sahihi za mwisho zingefuata baadaye. Malipo ya awali yakaenda hospitali yote.

Wiki mbili zilikuwa zimebaki Fundi aliponiita. Nilimkuta amechuchumaa chini ya sinki la jikoni akikaza nati ambayo haikuwa imelegea. Hakusimama.

"Daktari amesema mwezi ni mwingi," alisema. "Mwenzangu anataka kufia chumbani mwake. Waombe watuongezee wiki nne. Wakiona ni nyingi, hata mbili."

"Nitawaambia leo hii, Mzee."

Nilitoka nikaingia kwenye kibanda cha chai kilichotazamana na nyumba, nikatoa simu, nikatafuta namba ya mkunga, nikabonyeza. Hapo nikamkumbuka mwenye duka la vipuri. Nikafikiri, huyu naye akijua kuna mtu anakufa mle ndani atavunja mkataba, Fundi atatakiwa kurudisha fedha ambazo hazipo tena, na itakuwa balaa juu ya balaa. Nilijiambia namlinda mzee. Sehemu ya hayo ilikuwa kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa na miezi minne sijauza hata banda la kuku. Nikakata simu kabla haijaita, nikamaliza chai yangu, na nakumbuka kwa aibu kwamba niliongeza kikombe cha pili.

Kesho yake nilisimama koridoni, nje ya chumba cha nyuma, nikamwambia Fundi kwamba wamekataa.

"Uliwaeleza kuwa ni mgonjwa wa kitandani?"

"Niliwaeleza."

"Na bado wakakataa?"

"Wana haraka, Mzee. Poleni sana."

Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa akisikia yote. "Mwambie huyo mwanamke simlaani," alisema kutoka kitandani. "Ila tukikutana huko tuendako asinisalimie." Akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamkatisha.

Alifariki siku ya kumi na moja baada ya kuhamishwa, katika chumba cha kupanga karibu na kwa binti yao. Fundi alinipigia simu kunipa taarifa, kama anavyompigia ndugu. Alisema mkewe kila alipoamka aliuliza mlango uko upande gani.

Siku ya sahihi za mwisho mwanasheria alitaka pande zote mbili ziwepo, na hapo kanuni ya mwalimu wangu ikafika mwisho. Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi na mtu asiyezoea kupiga pasi. Mkunga na mumewe wakaingia. Mama yule akanyoosha mkono kwa adabu. Fundi akajifanya anatafuta miwani.

"Shikamoo, Baba. Mama hajambo? Yale mafua yalipona?"

Fundi akanyanyua uso. "Mke wangu amefariki. Na hakuwa na mafua."

Mkunga akaketi polepole. Alisema pole, akairudia, na mumewe naye akasema. Kisha Fundi, kwa sauti ileile ya chini, akasema, "Niliwaombeni wiki nne tu."

"Ulituomba sisi?" Mkunga akamgeukia mumewe, mumewe akatikisa kichwa. "Baba, hatukuombwa kitu. Sisi tunakaa kwa dada yangu, tunangoja shule zifungwe ndipo tuhame. Nyumba yako bado iko tupu, hatujaingiza hata kijiko. Ningeambiwa kuna mgonjwa wa kitandani ningekuja mwenyewe kumgeuza na kumwogesha. Mimi kazi yangu si hiyo hiyo?"

Karani aliyekuwa akipanga mihuri akaacha kuipanga. Wote wakanitazama. Miaka sita nilikuwa nimeishi kwa ulimi. Kulikuwa na uongo mwingine tayari kichwani, mzuri tu, kwamba simu haikupatikana. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi bado nilikuwa naona mahali pa kukanyaga.

"Sikuwauliza," nikasema.

Nilingoja Fundi anitukane. Nilitamani anitukane. Badala yake aligeuka kwa yule mama, akaushika mkono alioukataa mwanzoni, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, binti yangu. Nimekuchukia mwezi mzima. Na mwenzangu ameondoka akikudhani mtu mbaya. Huna kosa."

Sijawahi kupigwa kofi linalouma kama ule msamaha ulioombwa na asiyekosa kwa asiyekosa, mimi nimeketi katikati yao na kalamu mfukoni.

Siku hizi naonekana kituko katika kazi hii. Mnunuzi na muuzaji nawakalisha meza moja siku ya kwanza, nachota maji ya kunywa, nanyamaza. Wengine wananiruka, wanapatana pembeni na kunisahau. Mwaka huu imetokea mara mbili, na madalali wenzangu wamecheka mpaka wamechoka. Ukija kwangu nitakwambia waziwazi: kaione nyumba siku ambayo dalali hakuichagua, ukiweza wakati wa mvua. Dalali akikuletea neno "wamekataa", mwombe namba uwasikie wenyewe wakikataa. Na kama kuna jambo moja ambalo huwezi kuliacha, usilitume kwa mdomo wa mtu. Liandikwe. Watu huitikia kwa kichwa, wanadhani ni busara nimeisoma mahali.

Tulipomaliza kusaini siku ile, mkunga alimuuliza Fundi kama angependa kwenda kukaa kidogo chumbani mle kabla vitu vyao havijaingia. Fundi alifikiri, akasema angependa. Ufunguo bado ulikuwa kwangu, hivyo nikaenda nao, nimepanda nyuma ya gari la mume wa mkunga, pamoja na gurudumu la akiba na kamba. Nilifungua geti, nikafungua mlango wa mbele, nikatangulia koridoni kufungua chumba cha nyuma. Kilikuwa na joto la chumba kilichofungwa muda mrefu. Nikajisogeza pembeni wapite.

Mkunga aliingia kwanza, akafungua dirisha. Fundi alisimama mbele yangu, mara ya kwanza kunitazama tangu ofisini.

"Siku ile uliyosema wamekataa," aliniuliza, "ulikuwa umesimama wapi?"

"Hapa, Mzee."

"Basi simama hapo," akasema, bila ukali, akaingia.

Nilisimama mpaka walipotoka.