Kitovu cha Tshiela

Orodha za watakaoingia chuo kikuu zilibandikwa Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye ukuta wa ofisi ya masomo mjini Kolwezi. Zilikuwa mbili: moja ya watoto wa Shaba, mkoa wenyewe, nyingine ya watoto wa mkoa wa Kasai. Kabedi aliacha sombe yake, majani ya muhogo, kwenye kinu, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kutafuta jina la binti yake Tshiela. Tshiela alikuwa amepata alama sitini na nne kwa mia katika mtihani wa Leta, yaani wa serikali, wa kumaliza sekondari, naye alitaka kusoma kemia kule Lubumbashi. Hakutaka kingine. Chini ya kitanda chake kulikuwa na makopo ya maziwa yaliyojaa mawe ya kijani, kila jiwe na jina lake.

Orodha ya Shaba iliishia kwenye hamsini na nane. Ya Kasai iliishia kwenye sitini na tisa, na Tshiela alihesabiwa mtoto wa Kasai, kwa sababu babu yake aliletwa kwa treni kutoka huko kuja kuchimba shaba, zamani za Wabelgiji. Nkulu, kijana wa jirani, ambaye wazazi wake walitoka kaskazini ya Shaba, alikuwa amepata hamsini na tisa. Jina lake lilikuwapo. Miaka sita alikaa benchi moja na Tshiela akinakili kemia yake bila haya yoyote.

Kabedi aliingia ndani. Karani aliitwa Kisimba, mtu mpole mwenye koti la abakosti lililopauka viwiko. Kwa sheria ya siku zile alipaswa kuitwa citoyen, yaani mwananchi. Kabedi alimwita tata, kama baba, naye akaitika. Alieleza taratibu kwamba kila mkoa una viti vyake, na vya Kasai vimeshachukuliwa na wenye alama za juu kabisa. Sitini na nne ni alama nzuri, alisema, nzuri sana, ila uzuri wake uko kwenye orodha ile nyingine. Kabedi akamjibu kwamba hiyo Kasai yeye mwenyewe hajaiona hata kwenye kalenda.

"Tata, huyu mutoto alizaliwa hapa. Kitovu yake, mi mwenyewe niliizika mu kiwanja yetu."

Kisimba akauliza kama kuna uthibitisho.

Mwingine angekwenda zake kulia. Kabedi alikwenda kuchukua jembe. Alichimba chini ya dirisha la jiko, pale alipokizika miaka kumi na tisa nyuma, siku kilipodondoka. Alikikuta kwenye kina cha mkono mmoja. Kilikuwa kizima, chenye joto, kinene kama kamba ya kisima. Upande mmoja ulipita chini ya ukuta kuelekea jikoni, ambako Tshiela alikuwa akimalizia kutwanga. Upande wa pili ulishuka moja kwa moja ardhini. Kilikuwa na ukijani kidogo kwa sababu ya udongo wa pale. Kabedi alitaka kukitia kwenye beseni akipeleke ofisini, lakini hakikutoka. Basi akakifunika kwa kitambaa chenye maji, akarudi kumwita karani.

Kisimba alifika Alhamisi na fomu na utepe wa kupimia. Nkulu alikuja kusaidia kupanua shimo. Haya ilikuwa imemshika tangu Jumanne. Alikuwa amekwisha kumwambia Tshiela achukue kiti chake, na Tshiela akamwambia aache upuuzi, kiti kimeandikwa jina. Utepe uliisha kwenye mita tatu, na kitovu kilikuwa bado kinashuka. Kisimba alikivuta kuona kama kimeshika kweli. Kule jikoni, Tshiela akaburutwa pamoja na kigoda chake mpaka ukutani.

"Tata, vuta polepole," alisema kupitia dirishani. "Sombe itaungua."

Kisimba aliomba radhi. Aliandika: *Kitovu: kimeonekana Kolwezi, ni kizima, hakitoki.* Kwenye mstari uliofuata akaandika: *Asili: Kasai.* Kabedi alimwomba amweleze.

"Mama, kitovu ni ya mutoto. Asili ni ya nkambo, ya babu yake."

"Basi ni nkambo njo alifanya egzame?"

Kisimba alilifikiria kwa dhati swali hilo la nani aliyefanya mtihani. Akasema fomu haiulizi hivyo. Akagonga muhuri, akanawa mikono, akala ugali wa bukari na sombe, akaisifu, akaenda. Kabedi alikasirika, akafukia shimo peke yake. Tshiela alilia siku hiyo na siku iliyofuata.

Mwezi wa kumi Nkulu alipanda treni ya Lubumbashi. Tshiela alipewa darasa la tatu la kufundisha katika shule ya msingi huko Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi. Kitovu kilirefuka kumfuata bila taabu. Akichoka kule, udongo chini ya dirisha hupata joto, na Kabedi huumwagia maji. Nkulu alikuwa akimwandikia Tshiela barua zenye maswali ya kemia, naye alimjibu yote, hatua kwa hatua, mpaka Nkulu akafaulu mwaka wake wa kwanza.

Mwaka uliofuata fomu ilikuwa na mstari mpya, umechapwa kabisa: *Kitovu*. Wanawake mtaa mzima walishika majembe. Kabedi aliwaonyesha kina, na Kisimba alipita nyumba hadi nyumba na utepe mrefu zaidi, akiandika kwa uaminifu kila alichokiona. Orodha zilipotoka zilikuwa mbili vilevile.

Siku hiyo Bilonda, mdogo wake Tshiela, alikuwa akiosha sahani uani. Alimuuliza mama yake alama ngapi zinatosha.

"Makumi munane," alisema Kabedi.

"Na Nkulu alipata ngapi?"

Kabedi alimwambia: hamsini na tisa. Kisha akamnyang'anya sahani, akaziosha mwenyewe, ili mtoto akasome.