Shingo ya Leotadi

Ummukulthum alikuwa ndiyo kwanza ainuke kwenye mswala wa alasiri simu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu Mercy, anayewafundisha wasichana baleti katika ukumbi mmoja kule Ganjoni. Onyesho lilibakisha siku kumi. Kila mtoto aje na leotadi ya buluu iliyokoza, lile vazi la kipande kimoja linalonata mwilini. Mikono mirefu au mifupi, hiari ya mzazi. Lakini shingo iwe wazi, "nipate kumwona mtoto anavyopumua."

Akausoma tena. Shingo iwe wazi.

Si haya iliyomtia hofu. Mle ukumbini hamkuingia mwanamume, na watazamaji wa onyesho wangekuwa kina mama peke yao. Alichokihofia kilikuwa kifuani mwa mwanawe. Nasiha alipasuliwa moyo akiwa na miaka minne, kwa sababu ulikuwa na tundu, na kovu lake lilianza chini kidogo ya koo likateremka kifua kizima. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na daktari alikwisha sema moyo umepona. Ila shule aliyosoma kwanza, walipojua, walimkalisha kivulini kila kipindi cha michezo kwa miaka miwili, wenzake wakimwita "bibi kizee". Basi siku ya kumwandikisha baleti, Ummukulthum alipofika penye swali la maradhi, aliandika "hana". Mwaka mzima Nasiha akacheza na fulana, na hakuna aliyejua.

Kesho yake wakaenda dukani kwa Bi Mwanaesha, muuza nguo za michezo. Nasiha akaingia nyuma ya pazia. Leotadi ya kwanza ilikuwa na shingo ya duara; kovu likachungulia vidole vitatu. Ya pili, shingo iliyochongoka, ikawa mbaya zaidi. Ya tatu ilikuwa na kola ya kupanda hadi kooni na zipu mgongoni. Ilikuwa ya mwisho, tena ndogo kwa nambari moja.

"Hii," akasema Ummukulthum.

"Yanibana, mama."

"Hebu inua mikono."

Nasiha akainua. Mikono ikafika usawa wa masikio, ikagoma.

"Kitambaa cha kuvutika hiki. Kitalegea."

Bi Mwanaesha akavua miwani. "Mwanangu, leotadi haichaguliwi mtu kasimama kama nguzo. Mwache ainame, aruke, avute pumzi hadi mwisho. Ikimkamata mbavuni, si yake hiyo."

"Ni yake," akajibu Ummukulthum, kwa ukali uliomshtua mwenyewe. "Tufungie, bibi."

Nasiha akamtazama mamake kupitia kioo. "Mwalimu asema shingo iwe wazi."

"Mwalimu ntasema naye mimi."

Hakusema naye. Siku zikapita, kila akishika simu aandike, aliiweka chini. Angeanzia wapi? Akisema kola ni ya kuficha kovu, ataulizwa kovu la nini. Akisema la nini, atatolewa ile fomu aliyoandika "hana". Wahenga walikwisha sema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ilimjia jikoni, ikamjia akipiga pasi, naye akaifukuza kama anayefukuza inzi.

Jumamosi ya mazoezi ya mwisho Mwalimu Mercy aliiona ile kola, akakunja uso. "Mama Nasiha, kwani sikuandika vizuri?"

"Ilikuwa ndiyo iliyobaki dukani, mwalimu."

"Haya. Kwa leo tu."

Muziki ukaanza. Ummukulthum aliketi kwenye benchi ukutani, macho hayabanduki kwa mwanawe. Hatua za taratibu zikaenda vyema. Zikaja za kuruka. Mruko wa kwanza, wa pili, wa tano. Akaona mdomo wa Nasiha umefunguka. Akaona mabega yanapanda na kifua hakipandi. Simama, mwanangu, akawa anaomba kimoyomoyo, simama. Lakini Nasiha alikuwa amefundishwa na mamake mwenyewe asionyeshe uchovu mbele za watu. Akaruka tena, midomo ikageuka rangi ya jivu, akaenda chini kwa magoti.

Ummukulthum hakujua alivyofika. Akaivuta zipu, ikakwama. Akaivuta tena, kichwa cha zipu kikabaki mkononi mwake.

"Nipishe!" Mwalimu Mercy alikuwa na mkasi. Akakata kola, akakata hadi kifuani, kitambaa kikaachana, na Nasiha akavuta pumzi iliyosikika ukumbi mzima. Kovu likawa wazi mbele ya wote.

Mercy alilitazama. Kisha akamtazama mama.

"Moyo," akasema Ummukulthum. "Alipasuliwa akiwa mdogo. Nilikuficha."

"Mwaka mzima namrukisha mtoto huyu." Sauti ya Mercy ilikuwa ya chini. "Angenifia mikononi, mama. Mimi ningejua nini?"

Nasiha ndiye aliyesema, pumzi zikiwa bado fupi: "Mwalimu, usinitoe."

"Hurudi hapa bila barua ya daktari," akasema Mercy. Lakini alikuwa amepiga magoti, akimpepea.

Daktari aliyekuwa akimtibu alipatikana baada ya siku tisa, na onyesho likapita bila Nasiha. Alasiri ya onyesho mtoto hakutoka chumbani, na mamake hakuthubutu kubisha hodi. Siku ya kupimwa, daktari alisema moyo uko salama, alhamdulillahi. Nguo ndiyo iliyombana mbavu. Akaandika kwamba acheze, ila apumzike kila anapochoka, na aseme mwenyewe.

Wakarudi kwa Bi Mwanaesha. Safari hii Ummukulthum alikaa kwenye kigoda, akauma ulimi. Nasiha alijaribu nne. Katika kila moja aliinama, akainua mikono, akajaza pumzi. Akachagua ya shingo ya duara. Kovu lilionekana. Mama akafungua mkoba, akalipa.

Siku aliyorudi ukumbini, watoto walimkodolea macho dakika moja, kisha muziki ukawachukua. Ummukulthum aliketi palepale kwenye benchi. Zikaja hatua za kuruka. Mruko wa tatu, Nasiha akainua mkono.

"Mwalimu, napumzika."

"Pumzika."

Akaenda akaketi ukutani, miguu kainyoosha, kifua kikipanda na kushuka. Hakumtazama mamake. Alipokwisha kutulia akainuka, akarudi mstarini.