Nishani ya Mzee Soli

Kwenye kiwanda chake cha viatu walimwita Mzee Soli, na hata yeye alikuwa karibu kulisahau jina alilopewa na wazazi. Vita vilipoanza aliacha kushona viatu vya madukani, akashona buti za askari bila kutaka faida. Majeruhi walipoanza kurudi, aligeuza karakana moja kuwa ya miguu ya bandia, akaigawa bure kwa askari na raia. Mkewe alikuwa amefariki zamani, hawakujaliwa watoto, hivyo maisha yake yote yalikuwa pale, kwenye harufu ya ngozi na gundi.

Miongoni mwa waliopewa mguu alikuwamo muuguzi mmoja wa kike aliyepoteza mguu hospitali yao ilipopigwa bomu. Haukupita muda akaja nao kiwandani, anatembelea magongo, akaubwaga mezani kwa mwenye kiwanda.

"Huu ni mguu wa kiti, mzee," alisema. "Mimi si kiti."

Mafundi waliinamisha vichwa wakijikaza wasicheke. Mzee Soli hakuudhika. Alivuta kigoda, akaomba aonyeshwe panapouma. Kumbe mkanda ulikuwa ukimkwangua pajani, na goti lilikuwa likikaza. Aliutengeneza upya kwa mikono yake, akampelekea nyumbani, ukakataliwa. Akarudia tena. Hata ulipomkaa vizuri hakuacha kwenda. Muuguzi alijua hakuna cha kurekebisha, akateleka chai bila kuuliza.

Vita vilipokwisha, serikali ilitangaza kumtunuku Mzee Soli nishani. Aliruhusiwa kwenda na mmoja wa jamaa zake. Siku nzima alizungukazunguka karakanani hadi fundi mkuu akadhani anaumwa. Jioni alimwendea muuguzi, akamweleza habari yote huku anatazama ukuta.

"Nitaingia kama nani wako?" muuguzi aliuliza.

Yule aliyezoea kuamuru kiwanda kizima akapatwa na kigugumizi.

"Kama mchumba, ukiridhia," alisema mwishowe. "Usiporidhia, twende hivyo hivyo. Sina mwingine ninayetaka anione."

Muuguzi akamwonya kuwa ana ulimi mkali, majirani wote ni mashahidi. Mzee Soli akajibu kwamba ulimi huo ndio uliomtoa kiwandani.

Siku ya sherehe alipobandikwa nishani kifuani, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Muuguzi aliinuka mstari wa mbele, mikono yote miwili ikipiga makofi, hajashika kitu. Mzee Soli alimwona, na hotuba aliyoikariri wiki nzima ikayeyuka. Alisema asante tu, akafuta macho, akashuka.

"Maneno yote yale umeyapeleka wapi?" muuguzi alimnong'oneza.

"Yamenipotea, mama."

"Basi kaa. Utaniambia mimi nyumbani."

Walioana kabla ya mvua kubwa, kwa wageni wachache, wengi wao mafundi. Karakana ile ya miguu haikufungwa. Muuguzi ndiye aliyepokea wagonjwa mlangoni, na kila aliyekuja kulalamika alipewa kiti kwanza, akasikilizwa hadi amalize.