Njia ya Hewa

Mtoto alitoka adhuhuri, wa kiume, kakamilika viungo, na kimya. Hakulia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Mbona halii?" Hadija akauliza kitandani. "Nesi, mbona mwanangu halii?"

Somoe akamgeuza mtoto mikononi mwake. Hii ilikuwa wiki yake ya kwanza kwenye zahanati ile karibu na Kilambo, na mganga alikuwa amekwenda Mtwara kuchukua dawa. Mwaka juzi Hadija alizika mtoto ambaye naye hakulia. Somoe alilijua hilo vizuri, maana asubuhi ile alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe: "Usiogope, dada. Safari hii uko na mimi, nimesomea."

Kusomea! Haya, tuseme alivyosomea. Chuoni kwao palikuwa na mwanasesere wa plastiki, mtoto mchanga kamili, mdomo wazi, aliyeletwa kwa ajili ya mazoezi. Lakini ni mali ya serikali, asije akachakaa, basi akafungiwa kabatini kama mwari, ufunguo anao mwalimu mkuu. Siku ya wageni akatolewa, akapigwa picha, akarudishwa. Wanafunzi wao walisimama wakaimba hatua za kumwamsha mtoto asiyepumua: "Moja, kausha! Mbili, fungua njia ya hewa! Tatu, puliza!" Somoe aliimba kuwashinda wote, na kwenye mtihani hakukosa hata nukta.

Basi akaimba. Angefanyaje? Ndicho alichokuwa nacho. "Moja, kausha," akasema, akamkausha mtoto kwa khanga. Mtoto alilegea tu mikononi mwake. "Mbili, fungua njia ya hewa!"

"Haya!" akaitika Bi Salma, mama mkwe wa Hadija. Akaruka, akasukuma dirisha, akafungua na mlango. Upepo wa Ruvuma ukaingia, pazia likapepea.

Na jamani, msimcheke: Somoe akashusha pumzi. Hatua ya pili imekwisha! Hofu humfanya mtu hivyo. "Tatu, puliza," akasema, akainama, akapuliza mdomoni mwa mtoto. Pumzi ikagota, ikamrudia usoni. Akapuliza tena. Ikarudi. Kifua hakikuinuka hata kidogo.

"Na huyu anakufa," Hadija akasema taratibu.

Somoe alitaka kukimbia. Wallahi, aliutazama ule mlango. Upepo ukampiga usoni, na hapo ndipo alipoona: hewa imejaa chumba kizima, kila mtu anaivuta, isipokuwa huyu mmoja. Njia ipi, basi? Ya nani? Muda wote ule wa kuimba, hakuwahi kujiuliza hiyo njia iko wapi.

Akatia kidole mdomoni mwa mtoto. Nyuma ya ulimi kikagusa ute mzito, wenye kuteleza. Akauvuta kwa ncha ya khanga, ukatoka mrefu kama mlenda. Akapuliza. Kifua kikainuka.

Mtoto akakohoa, akakunja uso, akalia kwa hasira. Hadija akalia naye. Somoe akaketi sakafuni, maana sasa alijua ilibaki kidogo tu amuue kwa jibu lililompa alama zote.

Nje vigelegele vikapasuka. Bi Salma alikwisha kwenda barazani, wanawake wamemzunguka. "Dirisha!" alikuwa akiwaambia. "Nesi kaamuru, nimefungua dirisha, mtoto huyo kalia! Semeni nanyi: kausha, fungua dirisha, puliza!"

"Kausha! Fungua dirisha! Puliza!" wakaitikia kwa pamoja, sauti ileile ya chuoni. Na mmoja wao alikuwa na tumbo la kujifungua kesho au keshokutwa.

Hofu ikampanda Somoe upya. Akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake, akatoka mbio.

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Siyo dirisha! Naweni mikono, kisha kila mtu atie kidole kinywani mwake, mpaka nyuma ya ulimi. Hapo! Hapo ndipo panapoziba."

Wakatazamana, wakanawa, wakatia vidole. Bi Salma alitia cha kwake mwishoni, macho yakamtoka. Barazani pakawa kimya, maana hakuna aliyeweza kuimba.