Ufunguo wa Gari la Mwisho wa Njia

Walikuwa wamekubaliana tangu nyumbani kwa mama, Mankweng. Mama, Mmatlou, akitembea njia ya msituni siku mbili, akalala kwenye kibanda cha wapita njia na kutokea upande wa pili bila kusahau kitu, binti yake Hunadi atafunga mdomo kuhusu kumhamishia Pretoria. Akisahau, nyumba yake inapangishwa. Mwaka ule mama alikuwa ameunguza sufuria mbili, na Hunadi alizitaja sufuria hizo kila alipopiga simu, utadhani zilikuwa na watoto na wajukuu.

Kama ilivyo desturi ya njia ile, gari la mama waliliacha mwisho wa njia, wakaenda na la Hunadi hadi mwanzo.

Msituni mama alitangulia, akifuata alama za nyayo zilizopakwa rangi ya manjano kwenye miti na mawe.

"Twende basi, mtoto wa lifti!" alimwita. "Au nikubebe mgongoni?"

Hunadi alifuata akihema. Walipotokea kwenye nyasi za juu mlimani ukungu ukawafunika, naye akashika kijia kilichokwenda kushoto.

"We Hunadi! Hiyo ya ng'ombe. Una pembe wewe?"

Kibandani mama aliwasha moto, akasonga ugali, akafungua samaki wa kopo. Kabla ya kulala alikokota kuni mbichi za nje akazipanga ndani zikauke, kwa ajili ya wageni watakaofuata. Hunadi alikuwa hata hajalifikiria. Akamtazama mama yake na kuona aibu kidogo, lakini nafasi ya mama kukaa ilikuwa imeshatafutwa Pretoria, tena ghorofa ya chini.

Kesho yake alasiri wakalifikia gari la mama.

"Ufunguo, Mama."

"Si nilikupa wewe?"

"Hukunipa."

"Nilikupa, mwanangu. Pale tulipoliacha hili gari, nikakwambia mfuko wangu umetoboka."

"Mama, jamani! Hukunipa!"

Mmatlou akamwaga begi lake lote majanini. Soksi, tochi, dawa za presha, kijiko. Akapekua mara ya pili, polepole zaidi. Kisha akaketi chini.

"Basi tena," alisema. "Tafuta mpangaji. Asiwe na mbwa tu, atanifukulia mboga."

Hunadi alikuwa ameisubiri kauli hiyo mwaka mzima, na sasa hakuifurahia. Akamwacha mama na chupa ya chai, akapanda pikapu ya Malesela, mlinzi wa msitu aliyekuwa akipita, aliyekubali kumrudisha mwanzo wa njia.

Kwenye gari lake aliangalia chini ya viti, akaangalia droo. Hakuna. Mwishowe akashika koti lake la mjini, lililokuwa limelala kiti cha nyuma, na mfukoni vidole vyake vikagusa chuma.

Akasimama pale na ufunguo kiganjani. Hapo ndipo alipokumbuka: mama akimnyooshea mkono, yeye akipokea huku akiongea na simu. Akaona haya hadi masikio yakamwaka.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akipanga maneno. Angeweza kusema aliuokota chini ya kiti alichokalia mama, na nani angebisha? Nyumba ingepangishwa, mama angekuwa karibu, na yeye angelala usingizi bila kuwaza moto jikoni. Shetani hakuhitaji kumsukuma. Hunadi alikwishaanza kuteremka mwenyewe.

Mama alisimama alipoliona gari. Alikuwa amejifunga shuka mabegani, macho mekundu.

"Nilikuwa nimeuacha wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Hunadi hakuwahi kuisikia kwake.

Ile sauti ndiyo iliyomshinda.

"Kwenye koti langu, Mama. Ulinipa. Ni mimi."

Mmatlou akaupokea ufunguo. Akautazama, akamtazama binti yake. Halafu akafungua mlango, akatupa begi ndani.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Jumamosi leta vitu vyako Mankweng. Kwa usahaulifu huo, huwezi kuendelea kukaa peke yako."