Shuka la Mpima Bahari

Chiku alipepea makaa ndani ya pasi mpaka yakawa mekundu, akanyunyizia maji shuka la mgeni mpima bahari, akaanza kulipiga pasi. Shuka halikunyooka. Katikati yake ilikuwa imeinuka safu ndefu ya milima. Pasi ilipopita, milima ililala kidogo, kisha ikainuka tena ikitoa maji baridi ya chumvi.

Boga, msimamizi wa udobi katika hoteli ile ya Diani, aliangalia makaa yakiisha.

"Sasa nimekuwa dobi wa milima," alisema. Akaenda kumwita mpima bahari mwenyewe.

Chiku alifurahi, maana alikuwa na lake la kuomba. Shaabani ilikuwa inamalizika, na kaburi la mamake lilikuwa katika bustani ya wageni, pale palipokuwa na kijiji chao kabla hawajahamishwa. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kukanyaga huko. Kila mwaka aliomba aende kulipalilia na kulisomea Yasini kabla ya Ramadhani, akaambiwa angoje uhuru. Uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, akaambiwa angoje kidogo.

Mpima bahari, Mzungu kijana mwenye sauti ya upole, aliinamia meza. Alieleza kwamba sakafu ya bahari huzaliwa kwenye milima ile, kisha hupasuka na kwenda huku na huku, ndiyo maana kila kunjo la upande huu lina pacha wake upande wa pili. Kisha kidole chake kikafuata mkwaruzo mrefu karibu na upindo. Madagaska, kile kisiwa ambacho wazee wa Chiku walikiita Bukini, kilikuwa kimeshikana na pwani hii. Kiliponyofoka kiliburutwa kwenda kusini, kikaacha alama kama kitanda kilichovutwa juu ya saruji. Alipokuwa akisema hayo machozi yalimlengalenga.

Ng'ambo ya mkwaruzo, pale nchi kavu ilipoanzia, Chiku aliona vituta vidogo vilivyoota majani. Cha mamake alikijua kwa jiwe lake la matumbawe, lililoinama.

"Hapa tulioondolewa ni sisi, Bwana," alisema. "Mama yangu amebaki. Niombee kwa meneja nikamzuru kabla ya kufunga."

Mpima bahari alivitazama vituta.

"Hapo ni nchi kavu, Bibi," alisema. "Mimi hupima bahari."

Siku ya mwisho ya Shaabani mpima bahari alikuwa amekwisha kurudi kwenye meli yake ya upimaji. Chiku alilitandaza shuka mezani, akang'oa majani kwa kucha, jani moja moja, akasoma Yasini yote kwa sauti ya chini. Boga alizima redio, akasimama mlangoni mpaka mwisho, akaitikia amina. Kisha wakalikunja pamoja, pembe kwa pembe, kwa sababu chumba kilikuwa kimepata mgeni mwingine.

Mgeni huyo alilala fofofo juu ya shuka hilo. Asubuhi alisema kitanda ni kizuri, ila ukingoni pana joto kidogo, kama kwamba pamelala mtu. Meneja alimwomba radhi, akaagiza abadilishiwe godoro.